Pikipiki Isiyo na Keria

Tulipofungua sanduku la Mama baada ya arobaini yake, harufu ya naftalini ilitoka ikatujaa puani sote watatu. Mimi nilisikia na petroli ndani yake. Dada zangu, Rehema na Mwajuma, walisema ninaota, ni petroli gani hiyo ya kukaa ndani ya nguo miaka yote hii. Siwalaumu. Wakati ninaousema Rehema alikuwa bado anatambaa na Mwajuma hajazaliwa, kwa hiyo Mama wa juu ya pikipiki wao walimsikia tu kwenye hadithi.

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili, vitenge vya mama hugawanywa kwa binti zake, mkubwa akichagua kwanza, na mkubwa ni mimi. Tulivitoa kimoja kimoja, tukavikunjua, tukabishana kidogo, tukalia kidogo. Baba alikuwa ameketi mlangoni na kofia yake ya kufuma, amegeukia uani kama mtu ambaye mambo ya nguo za wanawake hayamhusu. Chini kabisa Rehema akakuta vitatu vyenye matundu: kimoja cha kijani chenye picha za kuku, kimoja cha bluu, na kimoja cha rangi ya mawese.

"Hizi panya zimekula," akasema. "Tufanye matambara."

Nilimnyang'anya kabla hajamaliza. Waliangaliana, nami sikuwaeleza, maana kuna ahadi niliyotoa nikiwa na miaka minane na nilikuwa bado ninaishika. Mambo yenyewe yanaanzia kwenye pikipiki.

Tuliiita sisan. Injini yake ilikuwa ya mia sita, na mafundi wa Buyenzi huhesabu mambo ya mashine kwa Kifaransa, ambako mia sita ni sisan. Baba alikuwa fundi pikipiki, na ilimjia kama mgonjwa wa kawaida, waya wa klachi umekatika. Mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja aliyefanya kazi mjini. Siku ya kuja kuichukua alifika ndani ya gari lililojaa mabegi, anaelekea uwanja wa ndege, akamwambia Baba aitunze mpaka hali itulie. Baba akaifunika shuka, akangoja hali itulie. Haikutulia. Baada ya muda mrefu akaanza kuitembeza mtaani jioni ili injini isigande, halafu asubuhi kwenda kutafuta vipuri, halafu ikawa ndiyo pikipiki yetu ya kila kazi, ingawa mpaka mwisho Baba aliiita "ya mugeni".

Nimepanda pikipiki nyingi baadaye, na sasa nina yangu ndogo ya kwendea kazini, kwa hiyo naweza kusema bila chuki kwamba sisan haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa Buyenzi. Usukani ulikuwa chini mno, mwendeshaji akainama mpaka kifua kikakaribia tangi. Vioo vilionyesha viwiko vya Baba na barabara kidogo sana. Gia ya kwanza ilikuwa ndefu; ukienda polepole nyuma ya mkokoteni ilikasirika ikataka kuzimika, na joto lake likakupanda mapajani. Kukata kona kwenye njia zetu nyembamba ilibidi Baba ashuke aisukume. Stendi yake ilizama mchangani, kwa hiyo tuliweka chini yake kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, na mtunza kifuniko nilikuwa mimi. Lakini ikiacha mchanga ikaiona lami ya bulvari, barabara kuu ya mji, yote hayo ulisamehe. Ngurumo yake iligeuka sauti nyembamba na ndefu, upepo ukakuingia mdomoni ukakunyima neno, na macho yakatoka machozi bila huzuni yoyote. Pikipiki nyingine za mjini zilikohoa. Hii iliimba, na mtaa mzima ulijua Baba amefika wapi.

Kasoro yake kubwa ilikuwa nyuma. Kulikuwa na kiti kidogo kilichoinuka kama mkia wa jogoo, na baada ya kiti hapakuwa na kitu tena. Hapakuwa na keria. Huwezi kufunga gunia la makaa, wala kreti la soda, wala kuku. Mama Zaina, jirani yetu, aliizunguka mara mbili akitafuta.

"Sasa hii inabeba nini?"

"Inabeba mutu," Baba akajibu.

"Mutu tu? Mikono mitupu?"

Aliondoka akitikisa kichwa, na nadhani alimhurumia Baba kweli.

Mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu sisan. Mara ya kwanza nilipomwona Baba ameinama juu yake, mgongo umenyooka, nilijua mara moja kwamba yuko kwenye rukuu, nikangoja ainuke. Akaenda nayo hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Nikamweleza maalimu wetu wa chuo cha Kurani kwamba baba yangu anaswali barabarani, naye akaniuliza anaelekea wapi, nikasema sokoni. Tena kulikuwa na ile pumzi. Baba akiizima, feni ya rejeta iliendelea kuzunguka ndani, fuuu, kwa muda mrefu, kisha ikanyamaza yenyewe. Kwangu hilo halikuhitaji fundi. Sisan ilikuwa inapumua. Nilikaa kando yake mpaka imalize, kwa sababu si adabu kumwacha peke yake mtu aliyechoka.

Bibi, mama yake Mama, aliishi Kamenge, kaskazini mwa mji. Alikuwa Mkristo, na Mama alisilimu alipoolewa, jambo ambalo wenyewe walilimaliza kwa kutolizungumza. Zamani tulimtembelea kila wiki kwa basi dogo. Kisha mabasi yakaacha kwenda. Watu wazima walisema Kamenge imefungwa. Nilijua duka linavyofungwa, kwa hiyo niliwaza kufuli kubwa na mtu mwenye ufunguo, nikashangaa kwa nini hakuna anayekwenda kumwomba huyo mtu kwa upole. Jioni milio ya bunduki ilitoka upande ule. Mama alisimama uani ameshika sufuria, uso umeelekea kaskazini, mpaka Baba amwite.

Baba aliweza kupita. Alikuwa amewatengenezea pikipiki watu wa kila upande, na enzi hizo Mswahili wa Buyenzi alikuwa hahesabiwi sana na wale waliokuwa wakihesabiana kwa kabila. Alikwenda, akarudi na salamu. Safari iliyofuata akarudi na habari mbaya: majirani wa Bibi wengi wamehama, wengine wamekimbilia Gasenyi na mbele zaidi, nyumba zimebaki milango wazi, na Bibi amekataa kutoka.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

"Anasema haachi sanduku yake."

Sanduku hilo nililijua. Lilikuwa la bati, limepakwa maua, na mimi ningeweza kulala ndani yake. Mlikuwa na vitenge vyote alivyopewa maishani: vya mahari, vya kila mtoto aliyemzaa, vya kila mtoto aliyemzika, na kile cha bluu alicholetewa na marehemu Babu siku walipopatana baada ya ugomvi ambao hakuna aliyetuambia ulihusu nini. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa Babu. Shamba lilikuwa la ukoo wa Babu. Vitenge vilikuwa vyake.

"Nitaenda mwenyewe," Mama akasema.

Sasa, mwanamke wa heshima kwetu alipanda pikipiki upande, miguu yote miwili kushoto, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye kitenge. Sisan haikujua heshima. Kiti chake kiliteremkia mbele, na ilipoondoka iliruka. Mama alifika kwenye kona ya kwanza tu, mbele ya duka, akateleza akaketi mchangani huku mtaa mzima ukimtazama. Kitenge chake hakikufunuka hata kidogo, na hilo alijivunia mpaka kufa kwake. Lakini mkono ulivimba, na Baba alikuwa amebadilika rangi.

"Wallahi," akasema, "siku hii kitu itaumiza mutu, naiuza kwa Mukongomani wa kwanza atapita hapa. Chuma si bora kuliko mutu."

"Ni mukono tu."

"Leo mukono. Nimeapa, Mama Salima."

Hakuna aliyecheka. Baba hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Aliwahi kuuza cherehani ya Mama, nzima, inayofanya kazi, kwa sababu ilimtoboa kidole.

Kesho yake Mama alitoka chumbani amevaa suruali ya Baba na juu yake gauni pana lililofika chini. Akakusanya gauni, akainua mguu, akakaa kwenye sisan kama mwanaume. Mama Zaina alikuwa anafagia.

"Mama Salima! Unapanda kama polisi!"

"Na we ukitaka kuona mama yako," Mama akamwambia, "utapanda kama nani?"

Mama Zaina akarudi kwenye ufagio wake. Walianza hivyo. Waliondoka mchana baada ya swala ya adhuhuri, wakati askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, wameshakula na hawana hasira, wakarudi kabla ya alasiri. Na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo la ajabu.

Mama alikuwa mwembamba. Kila alipoondoka nilimkumbatia kiunoni, na vidole vyangu vilikutana nyuma yake. Aliporudi nilimkumbatia tena, na vidole havikukutana. Mara ya kwanza nilifikiri nimekosea. Mara ya pili nikavuta pumzi, nikanyoosha mikono mpaka mabega yakauma, na bado pengo lilibaki. Asubuhi yake alikuwa mwembamba tena, anasonga ugali kama kawaida.

Nilimpelekea Zaina swali hilo, kwa kuwa yeye alikuwa na dada walioolewa.

"Ni mimba," akasema. "Mama anasema ile pikipiki inatikisa tumbo."

"Lakini asubuhi haiko."

Zaina akafikiri. "Basi mi sijui. Hiyo ni ya Waislamu wa kwenu." Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa nyumba ya pili.

Nilifikiri peke yangu siku nyingi, na jibu nililopata lilinifurahisha kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Ni upepo. Mimi mwenyewe nilijua jinsi sisan inavyokujaza upepo mdomoni. Mama anaongea sana; bila shaka anaongea na Baba njia nzima, anajaa, na usiku unamtoka taratibu. Siku iliyofuata, alipokuwa anapanda, nikamvuta gauni nikamshauri afunge mdomo mpaka Kamenge. Alinitazama. Nikamweleza kila kitu, na vidole, na pengo. Mama akashuka kwenye pikipiki, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. Baba alikuwa amevaa kaske, kofia yake ya pikipiki, na mabega yalikuwa yanatikisika.

"Mutoto huyu," Mama akasema, "bariyeri ingekuwa na yeye, tungekwisha."

Waliporudi aliniita chumbani. Baba alishika ncha ya kitambaa, Mama akaanza kujizungusha, na kitenge kikatoka, kisha kingine, kisha kingine, kuanzia kwapani mpaka nyongani, vyenye joto na harufu ya naftalini na petroli, mpaka Mama wangu mwembamba akabaki katikati ya chumba, amelowa jasho. Vitenge vya Bibi. Nilivijua vyote.

"Ukipita bariyeri na muzigo," akaniambia, "wanajua unahama. Ukihama, wanauliza kwanini, na muzigo wanachukua. Mi sina muzigo. Mi ni munene tu."

"Hawaoni kama ulienda mwembamba?"

"Wanaangalia sisan. Kila mara wanauliza baba yako inakimbia ngapi. Mi hawanioni."

Ndivyo sanduku la bati lilivyohamia Buyenzi likiwa limevaliwa. Ninapofikiria sasa naona Mzungu yule hakutengenezewa pikipiki mbaya kwa hali yetu. Ingekuwa na keria, Mama angefunga furushi, na furushi lingeishia kwenye bariyeri ya kwanza.

Vilipobaki vitatu, ikawa zamu ya Bibi mwenyewe, na Bibi akakataa tena. Safari hii sababu haikuwa sanduku. Mama mkwe hamshiki mkwe wake. Hamgusi mkono, hali naye sahani moja, na akipita njiani humpa nafasi. Sasa kiti cha sisan kinamsukuma wa nyuma mbele, ukipenda usipende, kifua chako mgongoni kwa mwendeshaji na mikono kiunoni kwake, la sivyo unabaki barabarani. Bibi alikuwa ameitazama ile pikipiki kwa majuma kadhaa kutoka mlangoni kwake, akaelewa vizuri sana inavyokaliwa.

"Anasema afadhali risasi," Baba alimwambia Mama. Ilikuwa siku ambayo milio haikungoja jioni. Ilianza asubuhi.

Mama akakaa chini. Kwa mara ya kwanza nikamwona anashindwa. Kisha akanigeukia, akanipima kwa macho kuanzia kichwani mpaka miguuni, jinsi anavyopima nyama buchani.

"Salima atakaa katikati," akasema. "Atakuwa ukuta."

Baba hakutaka. Walizozana kwa sauti ya chini, kwa Kirundi ili nisisikie, nami nilisikia yote. Mwisho Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Akanifunga kilemba vizuri, akakibana na pini.

Kwenda nilikaa mbele, juu ya tangi. Petroli ilichezacheza chini yangu, mishale ya saa zake ilipanda na kushuka karibu na kidevu changu, na nilihisi kila gia ikiingia kwa mguu wa Baba uliokuwa pembeni ya wangu. Nilitafuta lile kufuli la Kamenge. Hapakuwa na kufuli. Palikuwa na mti umelazwa barabarani na askari waliomjua Baba, halafu nyumba zenye milango wazi, mbuzi mmoja, na kimya ambacho sauti ya sisan ilikijaza chote, hata nikaona haya kwa ajili yake.

Bibi alikuwa anapiga pasi. Mji mzima unalia, yeye anapiga pasi ya makaa kwenye vitenge vyake vitatu vya mwisho. Aliniona juu ya tangi akaweka pasi chini.

"Yezu wanje! Mutoto juu ya petroli!"

"Haiumi, Bibi. Inapumua tu."

Baba alisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, akaongea akitazama chini. "Mama, Salima atakaa kati yetu. Hatutagusana. Tafazali, tuende."

Bibi alinitazama mimi, akatazama kiti, akapima. Suruali alikataa katakata. Alifunga vitenge vyote vitatu kiunoni, kimoja juu ya kingine: cha mawese ndani, cha bluu katikati, cha kijani chenye kuku nje. Sanduku aliliacha limefunguliwa, kifuniko juu. Nilimwuliza kwa nini halifungi.

"Atakayekuja asihangaike kuvunja," akasema.

Baba alimwonyesha vyuma vya kuwekea miguu, vilivyokuwa juu karibu na kiti. "Mama, ile ya kulia usishushe. Bomba ya moshi iko pale, iko moto sana."

"Nimesikia, mukwe."

Magoti yake yalikunjika mpaka mbavuni, akanung'unika kwa Kirundi kwamba hivi ndivyo vyura wanavyoishi. Mikono yake ikanizunguka tumboni. Mimi nilishika mkanda wa Baba. Tuliondoka, na katika maisha yangu yote sijawahi kubanwa hivyo, mbele mgongo wa Baba wenye jasho, nyuma kifua cha Bibi chenye harufu ya makaa na sabuni. Nilikuwa ukuta, na nilijivuna sana.

Bariyeri ya kurudi ilikuwa na askari wageni. Hawakumjua Baba. Mmoja, kijana mrefu, aliinua mkono, Baba akasimama akazima. Hakuna aliyetuambia tushuke.

"Asisogee mutu!" kijana akasema. "Munatoka wapi?"

"Kamenge. Naleta mama mukwe wangu kwangu, Buyenzi."

"Muzigo iko wapi?"

"Haiko."

Kijana akazunguka nyuma, akatafuta keria, hakuiona. Akamtazama Bibi. "Wewe mama, unahama?"

"Nahama na nini, mwana wanje?" Bibi akamjibu. "Unaona kitu? Naenda kula ndagala kwa mutoto wangu."

Hapo hapo feni ya sisan ikaanza, fuuu. Askari akaruka nyuma na bunduki ikainuka. Nililiona tundu lake.

"Kuna nini humo ndani? Nani amewasha?"

Baba alikuwa ameinua mikono yote miwili. "Ni feni, chef. Ni feni tu ya..."

"Nyamaza! Asisogee mutu!"

Tukakaa. Nilisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, nikafikiri kuna mtu jirani anapiga pasi, na amejisahau. Vidole vya Bibi vilinikaza tumboni taratibu, vikakaza zaidi, mpaka kucha zikaniingia. Nikajua anamwogopa askari, nikamwonea huruma, mtu mzima hivi. Nikaona ni lazima mtu aeleze mambo.

"Inapumua," nikamwambia yule kijana. "Imechoka. Ungoje kidogo, itanyamaza yenyewe."

Feni ikaendelea, fuuu, na sisi sote tukangoja pamoja nayo, kisha ikanyamaza yenyewe. Mmoja wa wenzake aliyekaa chini ya kivuli akaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akashusha bunduki, akamwuliza Baba inakimbia ngapi. Baba akamwambia. Akapiga mluzi, akatupungia mkono tupite. Bibi alimshukuru kwa Kirundi, "Murakoze," kwa sauti safi kabisa, kama mtu aliyepewa chenji dukani.

Nyumbani Mama alilia, Mama Zaina alilia, hata Rehema alilia kwa kuwa kila mtu analia. Bibi alisema amechoka, akaingia chumba cha ndani akitembea wima. Mimi nilibaki nje na sisan mpaka ipumue yote. Jua lilipokuwa linashuka aliniita nimletee maji na chumvi. Alikuwa ameketi kitandani, vitenge vimekunjwa pembeni, na kwenye mguu wake wa kulia palikuwa na doa jekundu, bichi, upana wa kiganja changu.

"Imekuuma?" nikauliza, nikimaanisha sisan. Nilisikitika sana. Nilikuwa nimemwambia haiumi.

"Kidogo. Goti ilichoka, mguu ikashuka. Usimwambie baba yako."

"Kwanini?"

"Ameapa, si ndiyo? Mama yako aliniambia. Atauza." Aliuma meno, akamimina maji. "Mama Yohana na watoto wake wamebaki kule, jirani na mi. Mzee Karoli amebaki, macho haioni. Baba yako akiuza, watapanda nini?"

Nikaahidi. Mama naye hakuambiwa. Bibi alimwambia miguu inamuuma baridi, na tangu siku hiyo alivaa vitenge virefu mpaka chini, akajitibu kwa asali akiwa amefunga mlango. Baba aliendelea kwenda. Walikuja Mama Yohana na watoto, mmoja mmoja, wanene wa kushangaza. Alikuja Mzee Karoli amevaa makoti yote ya marehemu mke wake. Walikuja wengine ambao sikujua majina yao, wakashuka uani kwetu, wakavuliwa, wakawa wembamba. Kisha ikaja siku ambayo hakuna aliyeweza kwenda tena upande ule, lakini hapo waliokuwa wa kuletwa walikuwa wameshaletwa.

Bibi alikaa nasi mpaka alipofariki, na vitenge vyake akamwachia Mama. Sisan ilizeeka, vipuri vikakosekana, Baba akaisimamisha nyuma ya nyumba ikingoja mgeni wake. Kila harusi, kila matanga, akiulizwa habari zake, alisema sentensi ile ile: ilibeba watu wengi, na haikuumiza mutu hata mumoja, ukiacha mukono wa mama yao. Niliisikia sentensi hiyo miaka yote, na miaka yote nilitazama chini.

"Baba, angalia Salima," Rehema alisema sasa, bado amekasirika. "Anagombania matambara."

Baba akageuka. Aliona nilichoshika mapajani. Akainuka kwa fimbo yake, akaja akaketi kwenye mkeka karibu nami, akavichukua. Alipapasa kingo za tundu kwa kidole gumba, pale nyuzi zilipokauka zikawa ngumu na kahawia. Kisha akavitandika juu ya magoti yake, cha mawese chini, cha bluu katikati, cha kijani chenye kuku juu. Hakuna aliyemwambia mpangilio. Akavisogeza kidogo, na matundu yakakaa sawasawa, moja juu ya jingine, pana juu, dogo katikati, na chini kabisa dogo zaidi, la kupita kidole kimoja.

"Panya," akasema Rehema.

"Ndiyo, panya," Baba akakubali.

Dada zangu wakarudi kwenye sanduku. Baba aliendelea kutazama matundu yale. Akasema kwa sauti ya chini, akiniambia mimi peke yangu:

"Mi nilikuwa mbele yenu, Salima. Ulifikiri pua yangu iko wapi?"

Nilimwuliza kwa nini siku ile hakugeuka kumtazama Bibi.

"Ningegeuka," Baba akasema, "ningeiuza."